Jina la Mama wa Maziwa

Wiki iliyopita Debora alinipigia simu kutoka Uvira kuniambia kwamba mama yake amefariki. Aliongea kwa utaratibu, kama anavyoongea siku zote: aliugua siku nne, hakuteseka sana, mazishi yamekwisha. Nikampa pole. Tulipokata simu nilibaki nimekaa jikoni, na kilichonijia kwanza hakikuwa sura ya mama yake. Ilikuwa harufu ya maziwa yaliyolala ndani ya kibuyu kilichofukizwa kwa moshi wa nyasi, harufu nzito, yenye ukali kwa mbali, ambayo sijaikuta penginepo. Halafu uso ukaanza kuniwaka. Nina watoto wawili. Kazi yangu ni kusoma matangazo redioni hapa Baraka, kando ya ziwa, na watu hunisimamisha sokoni kuniambia nina maneno mazuri. Lakini nikimkumbuka mama yule narudi kuwa na miaka tisa, nimesimama mbele ya kanisa na gauni jeupe, ninatamka kwa sauti safi neno ambalo halikupaswa kutoka kinywani mwa mtu yeyote.

Ninyi mliokua wakati wetu mnakumbuka tulivyofundishwa kusema. Mtoto alipita mbele ya wakubwa akiinama. Alipokea kitu kwa mikono miwili. Ukimwambia mtu mzima "ulikuya saa ngapi", yaani ulikuja, kofi lilikufikia kabla ya jibu. Ulipaswa kusema "mulikuya", kana kwamba mtu huyo mmoja ni wengi. Watoto wengine waliyabeba mambo hayo kama mzigo wa kuni. Mimi niliyavaa kama nguo ya sikukuu. Mke wa mchungaji wetu, tuliyemwita Mama Mchungaji, aliona hivyo mapema, akaanza kunifundisha Kiswahili bora, kile cha vitabuni, ili mgeni yeyote akifika kanisani mimi ndiye nitoe neno la kumkaribisha. Alinifundisha kusimama, kutazama watu wa viti vya nyuma, kutaja jina la mtu kabla ya kumsalimia, kupiga goti kidogo mwishoni. Wanawake walimwambia mama, "Huyu mutoto anajua kusema, Mama Faida. Hakuitoa kwako."

Mama alicheka, akaangalia chini. Walisema kweli. Yeye alizaliwa Ubwari, akakulia kati ya nyavu na samaki, akakimbia vita na wazazi wake hadi ng'ambo ya ziwa, akarudi msichana mkubwa bila kukaa darasani muda wa kutosha. Kiswahili chake kilikatika njiani. Neno likimkosa alikimbilia Kibembe, lugha ya kwao, na palipokuwa na watu wengi alinyamaza kabisa. Niliamini kwamba mama yangu hajui kusema na kwamba mimi najua.

Mwaka ule mdogo wangu Amani alikuwa mchanga. Mama alikuwa ameugua sana baada ya kumzaa, maziwa yake yakakauka, na mtoto akawa anaishi kwa maziwa ya ng'ombe. Yaliletwa kila asubuhi na mwanamke mmoja mrefu aliyeshuka na familia yake kutoka milimani, kule ambako barabara ilikuwa inafungwa na kufunguliwa kila bunduki ziliposikika. Walibaki na ng'ombe wachache, wakajenga pembezoni mwa mji, upande wa njia ya kwenda Fizi. Alikuwa na binti wa umri wangu, Debora. Mama huyo alipita mlango kwa mlango na bidoni yake, dumu la njano, kitambaa cheupe kichwani, anasalimia, anamimina, anaondoka.

Nyumbani hatukumwita Mama Debora. Tulikuwa na neno letu la kumwita, na jirani walikuwa nalo, na wanawake wa kisimani walikuwa nalo. Mama aliuliza asubuhi, "Amekuya, yule?" na hapo akataja neno lile. Sitaliandika. Wenye asili ya kwetu mnalijua, na wasiolijua hawatapungukiwa na kitu. Mimi nilikuwa nalisikia tangu siku nilipoanza kusikia, na katika akili yangu ya mtoto nilikwisha kulipatia maana: niliamini ni cheo. Kama vile anayefundisha anaitwa Mwalimu na anayetibu anaitwa Daktari, basi anayeshuka kutoka milimani na maziwa anaitwa hivyo. Lilionekana kwangu neno lenye heshima hata, kwa sababu wakubwa walilisema kwa sauti ya chini.

Ikafika siku ya sikukuu ya akina mama kanisani. Kila familia ilichanga kitu kwa ajili ya chai, na Mama Mchungaji aliniandikia kwenye karatasi majina ya kushukuriwa. Niliikariri siku tatu. Mchele umetoka kwa fulani, sukari kwa fulani, mkate kwa fulani. Mwishoni kulikuwa na neno moja tu, "maziwa", na mbele yake hapakuwa na jina. Nilidhani amesahau. Nikafurahi kwamba mimi nitajaza pale alipoacha wazi.

Kanisa lilijaa hadi dirishani. Nilisema bila karatasi. Nilitazama viti vya nyuma kama nilivyofundishwa, na pale karibu na mlango nikamwona mwanamke wa maziwa amekaa na Debora, wote wawili wamevaa vizuri, bidoni yao tupu iko miguuni. Nilipofika mwisho niliinua sauti kidogo ili imfikie. Nikasema, "Na kwa heshima kubwa, wazazi wetu wapendwa, tunamshukuru mama yetu," nikataja neno lile, silabi kwa silabi, "aliyetupatia maziwa mazuri." Nikapiga goti.

Halafu mtu mmoja upande wa wanaume akacheka puani, na kicheko kikakimbia kwenye viti vitatu vinne kama moto wa majani makavu. Wengine walitazama miguu yao. Mama alikuwa pembeni anamimina chai, na niliona mkono wake umesimama na birika hewani. Mwanamke wa maziwa akainuka. Hakuharakisha. Akasema, "Asante, mwanangu. Umesema vizuri." Akamshika Debora mkono wakatoka. Mama Mchungaji akaanzisha wimbo.

Sitawadanganya: niliendelea kujisikia vizuri. Alikuwa ameniambia mbele ya watu wote kwamba nimesema vizuri. Nilidhani ameondoka kwa sababu ng'ombe wanamsubiri.

Nyumbani mama alivua viatu, akaniita.

"Ile neno hapana kuisema mbele ya bantu bengi."

"Mama, basi tunaisemaka wapi?"

Alifikiri. "Ku nyumba," akasema.

"Juu ya nini ku nyumba tu?"

"Faida, nyamaza."

Asubuhi iliyofuata maziwa hayakuja. Wala siku iliyofuata. Amani alilia kwa sauti iliyozidi kuwa nyembamba, mama akampa uji mwepesi, akautapika. Siku ya tatu mama akanipa chupa, akanielekeza njia, akaniambia niende kuomba. Hakuniambia niseme nini. Nilidhani ni kwa sababu mimi ndiye ninayejua kusema, hivyo nilitunga maneno njiani, maneno marefu ya Kiswahili bora yenye "tafadhali" na "kwa unyenyekevu", na niliyarudia hadi yakateleza mdomoni kama kokoto za mtoni.

Nilimkuta uani anasugua vibuyu kwa mchanga. Debora alikuwa anachochea nyasi kwenye kigae ili moshi uingie kwenye kibuyu kilicho tayari. Nikapiga goti, nikaanza. Alinisikiliza hadi mwisho bila kuacha kusugua.

"Umemaliza?"

"Ndiyo, mama."

"Unaomba musamaha ya nini?"

Swali hilo sikulitayarisha. Nikasema, "Juu bantu balicheka."

"Bale balicheka njo balikutuma?"

"Hapana, mama. Mama yangu njo alinituma. Mutoto analia."

"Na ile neno uliniita, ni nini?"

"Ni jina ya kazi yenu," nikajibu. "Kama vile Mwalimu."

Mikono yake ikasimama. Alinitazama muda mrefu, na Debora pia akageuka kunitazama. Mwanamke yule akacheka, kicheko kifupi kisichokuwa na furaha, akafuta mikono, akachukua chupa yangu akaijaza. "Mutoto mudogo hana kosa," akasema. "Twala chupa yako. Sasa enda uulize baba yako maana ya ile neno. Ukiijua, kuya tena. Kama hauijue, usiniletee hotuba."

Baba alikuwa fundi wa mitumbwi. Nilimkuta ufukweni ameinama juu ya chombo kilichopinduliwa, anaziba nyufa kwa pamba na lami. Nikamuuliza. Hakuinua kichwa.

"Nani anakutuma kuuliza?"

"Mama wa maziwa."

Akaweka patasi chini. Alikaa kwenye mchanga, akaniambia nikae pia, jambo ambalo hakuwa analifanya wakati wa kazi.

"Ile neno inamwambia mutu, hii udongo haikujue," akasema. "Hata kama ulizaliwa juu yake. Hata kama babu yako anazikwa ndani. Vita ikikuya, ile neno njo inatangulia. Inapita mbele ya bunduki, inaonyesha milango."

Nikamuuliza kama yeye amewahi kulisema.

"Nimeisema sana," akajibu. "Na wakati tulikimbia ng'ambo, kule nao balikuwa na neno ya kutuita. Ukienda kuchota maji, baliitupa nyuma yako. Mama yako alikuwa mukubwa kama wewe. Kuna siku alirudi na ndoo tupu, akakataa kwenda tena." Akaokota patasi. "Usimwambie kama nimekuambia."

Nilirudi nyumbani nikipita pembeni mwa ziwa, na njiani niliamua. Sijui nguvu ile niliitoa wapi. Mtoto wa miaka tisa huwa na ukaidi ambao mtu mzima hana tena. Niliamua kwamba neno lile sitalisema, na kwamba likisemwa mbele yangu sitaliacha lipite.

Asubuhi mama akauliza kama kawaida, kana kwamba maziwa yangeletwa tena mlangoni, akataja neno.

"Mama Debora hajakuya," nikajibu.

Kesho yake akauliza tena, nami nikajibu vilevile, kwa sauti ya chini, nikiwa nimepiga goti. Safari ya tatu alinipiga kwa mwiko begani. "We unanifundisha kusema?" Mchana jirani yetu akaingia kuomba moto, akalisema katika habari zake, nami nikasema tu jina, "Mama Debora," kama mtu anayeokota kitu kilichoanguka na kumrudishia mwenyewe. Jirani akamgeukia mama: "Huyu mutoto wenu anasahihisha bakubwa?" Nikapigwa tena. Kisimani wanawake waliligundua wakafanya mchezo, wakawa wanalitaja kusudi ili wanisikie. Nilijibu kila mara. Sikuinua sauti, sikumwambia mtu kwamba amekosea. Nilitaja jina tu. Wengine walichoka, wengine walikasirika, na mmoja alinimwagia maji miguuni.

Habari zikamfikia Mama Mchungaji. Akaniita nyumbani kwake, akanipa chai, akaniambia kwa upole kwamba mtoto wa heshima hasahihishi mkubwa, na kwamba sauti nzuri Mungu huitoa na huweza kuichukua.

"Mama," nikasema, "mulinifundisha kutaja jina ya mutu mbele ya kumusalimia."

Uso wake ukabadilika. Nafikiri aliikumbuka karatasi yake. Lakini alikuwa mtu mzima na mimi mtoto, na hakuna mlango aliouona wa kutokea. Akasema nipumzike kidogo. Noeli ile mtoto mwingine ndiye aliyekaribisha wageni, na mimi nilikaa kwenye benchi na mama, nikilia bila sauti, kwa sababu nilipenda kusimama pale kuliko kitu chochote. Sikuacha, lakini sitaki mfikiri kwamba haikuniuma.

Wakati huo wote hakurudi kupita mlangoni kwetu, nami nilikuwa naenda mwenyewe kuchukua maziwa. Niliporudi mara ya pili, nilikuwa nimejua maana, na sikuwa na hotuba. Nilisimama mlangoni pa ua nikasema, "Mama Debora, niliwaita kwa neno ya kuwafukuza. Sikuijua. Sasa ninaijua." Ni hayo tu. Alichukua chupa. Hakuniambia kwamba amenisamehe, na hakuniambia kwamba nimesema vizuri. Akamwita Debora anionyeshe jinsi ya kushika kibuyu bila kukigonga. Toka siku hiyo tukawa tunacheza kidogo kabla ya mimi kurudi, nami nikajifunza kutofautisha ng'ombe wao kwa majina.

Nyumbani kitu cha kwanza kubadilika kilikuwa baba. Jioni moja tulikuwa tunakula bukari, ugali wetu wa muhogo, na sombe ya majani yake, Amani ameshiba amelala, na baba akasema, kana kwamba ni jambo la kila siku, "Haya maziwa ya Mama Debora yamemunonesha mutoto." Mama akamtazama. Tonge lilibaki mkononi. Kisha akanitazama mimi, nami nikaangalia sahani. Hakula tena.

Kwa siku kadhaa mama hakuuliza kabisa kama maziwa yamefika. Alizunguka na kazi zake bila kumtaja mwanamke yule kwa neno lolote, na mara mbili nilimsikia jikoni anaongea peke yake kwa Kibembe, anaanza, anakatiza, anaanza upya. Sikuelewa anafanya nini. Nilidhani anaomba.

Halafu asubuhi moja alivaa kitenge chake kizuri, akamfunga Amani mgongoni, akajaza sahani ndakala wabichi, dagaa wetu, walioletwa alfajiri kutoka ziwani, akaifunika kwa kitambaa. "Tuende," akaniambia. Nikadhani tunaenda kliniki kupima mtoto. Tulipofika njia panda akakunja upande wa Fizi, nami nikajua tunakoenda.

Mama Debora alikuwa uani, mikono imelowa hadi kwenye viwiko. Alituona akasimama. Mama naye akasimama, pale pale penye uzio, sahani mbele yake. Alianza salamu ndefu, ile ya mgeni anayefika mahali kwa mara ya kwanza, akafika katikati ikampotea. Akasema maneno mawili ya Kibembe. Niliona jasho kwenye paji lake, na nilitaka kumsaidia. Maneno yote niliyokuwa nayo yalinijia mdomoni, mazuri, yaliyopangika. Nikafungua kinywa. Mama akanigusa bega bila kunitazama, nami nikakifunga.

"Jina yenu niliijua," akasema mama. "Siku ya kwanza mulikuya kwangu, muliniambia, mi ni Mama Debora. Niliisikia. Sikuisahau hata siku moja." Akavuta pumzi. "Huyu mutoto hakujua kitu. Mi nilijua. Ng'ambo baliniita vile, na mi nilijua vile inafanya ndani ya mutu. Nikawaita nyinyi vile."

Amani alikohoa mgongoni.

"Nilijua kama mulijua," Mama Debora akasema mwishoni.

"Ndiyo."

"Na sisi, ku nyumba, tuko na neno yenu." Alisema hivyo akitazama vibuyu vyake. Debora, aliyekuwa karibu na moto, akainamisha kichwa. "Huyu anaijua. Mi njo nilimufundisha, bila kujua kama ninamufundisha. Sitaitaja hapa."

"Musiitaje," mama akasema.

"Jina yenu ni gani? Haiko ile ya mutoto. Ile mulizaliwa nayo."

Mama alisita. Mtaani petu wote walimwita Mama Faida. Hata baba alimwita hivyo. "Machozi," akasema. "Balinizaa wakati ya kilio."

"Machozi," akarudia Mama Debora, taratibu, bila kulicheka. "Mi ni Nyantebuka."

Mama akajaribu. Ulimi wake wa Kibembe ukalipindua jina lile katikati. Mama Debora akalisema tena, akilikata vipande. Mama akajaribu mara ya pili, akakosea mahali pengine, na mwanamke yule akamrudisha pale pale alipokosea, kama mtu anayemwonyesha mwingine mahali pa kukanyaga kwenye maji. Mara ya tatu mama alifumba macho, na jina likatoka lote.

Mama Debora akafuta mikono kwenye nguo yake, akasogea hadi kwenye uzio, akapokea sahani.